Luhava ya Gendabi

Miaka ile mkoa mpya wa Manyara ulipotangazwa, kama ungefika Gendabi ukauliza nyumba ya Sylvester, watu wangekutazama tu. Ungeuliza kwa Luhava, ungepelekwa hadi mlangoni. Jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Hakuna siku aliyokaa kwenye benchi la mama Letisia, muuza pombe ya mtama, bila kuutaja mji wa Luhava, mpaka tukaona ni kazi bure kumwita kwa jina la ubatizo.

Luhava ni mji mdogo wa nchi ya Wacheki, ambayo zamani hizo ilikuwa bado Chekoslovakia. Serikali ilimpeleka Sylvester huko mwaka 1984, akiwa kijana, akajifunze ufundi wa mashine za kufuma mablanketi, akakaa miaka minne. Alirudi na koti zito ambalo alilivaa hata kwenye jua la saa saba mchana, na akarudi na hadithi. Koti lilichakaa. Hadithi zilizidi kunenepa.

"Mto wao unaitwa Resna," ndivyo alivyokuwa akianza. "Ni mdogo. Ukirusha jiwe unampiga mtu wa ng'ambo. Sasa basi, kiwandani wakitia rangi nyekundu, mto unakuwa mwekundu. Wakitia bluu, mto bluu. Mama anafungua dirisha asubuhi, anajua mume wake anafuma blanketi gani leo."

"Na ng'ombe wanakunywa wapi?" Qamara alikuwa akiuliza, kila mara.

Qamara alikuwa rafiki yake. Nasema rafiki, ingawa kwa kuwatazama usingedhani. Sylvester ni Mwiraqw wa Nambis kule Mbulu, mtu wa jembe, wa misa ya Jumapili na wa kalamu mfukoni. Qamara ni Mbarbaig, mtu wa ng'ombe, mrefu, mkimya, aliyefunga shuka lake begani na kuingia kanisani mara moja tu, siku ya harusi ya mtu. Lakini walipendana. Sylvester alitaka mtu wa kumsikiliza, na Qamara alikuwa na masikio ya kutosha.

Hadithi aliyoipenda Qamara haikuwa ya mto. Ilikuwa ya bibi Vlasta, mpishi wa kantini ya kiwanda, mama mnene mwenye roho nzuri, aliyemwalika Sylvester kula kwake kila Jumapili kwa sababu alimwona mwembamba. Ili uielewe hadithi ya mama huyo, lazima uujue mji wenyewe.

Luhava ya zamani ilikuwa na watu wa lugha mbili, Wacheki na Wajerumani. Walifuma pamoja, waliuziana mboga, waliozeshana hata watoto. Kiwanda kilijengwa na tajiri wa Kijerumani. Ikaja vita ya Hitla, na ukatili wake sisi wote tumeusikia. Vita ilipokwisha, Wajerumani wote wa Luhava waliamriwa kuondoka, mwenye hatia na asiye na hatia, na mzigo ule tu ambao mtu angeweza kuubeba. Wakapandishwa treni. Mji ukabaki na nyumba tupu, kuku wanazurura. Ndipo wakaletwa watu wengine kutoka mbali, maskini wasio na kwao, wakaambiwa chagueni nyumba. Vlasta alikuwa mmoja wao, msichana aliyeolewa juzi. Alifungua kabati la jikoni akakuta sahani zenye maua ya bluu, safi, zimepangwa. Jikoni kulikuwa na sufuria, ndani yake supu iliyoganda.

"Wakafanyaje?" Qamara aliuliza siku ya kwanza aliyoisikia.

"Wakamwaga supu, wakaosha sufuria, wakapika yao. Ungefanyaje wewe?"

Makaburi ya Wajerumani yalibaki yakiota nyasi, hadi miaka ya sabini mji ulipotaka kiwanja cha watoto kuchezea. Wakasawazisha. Mawe ya makaburi yalikuwa mazuri, ya kuchongwa, na Wacheki si watu wa kutupa kitu. Wakajengea ngazi za kushukia mtoni, maandishi yakielekezwa chini.

Sasa mwaka mmoja kabla Sylvester hajarudi nyumbani, alitokea mzee kutoka Ujerumani na kamera shingoni, akabisha hodi kwa bibi Vlasta. Alikuwa mtoto wa nyumba ile. Hakudai nyumba. Aliomba tu aonyeshwe kaburi la mama yake. Bibi Vlasta alitembea naye mpaka mtoni, Sylvester akiwafuata nyuma, na bibi, akiwa amesimama juu ya zile ngazi, kwa miguu yake miwili, akamwambia: "Sijui. Mimi nimekuja baadaye." Mzee akaupiga picha mto, akashukuru, akaenda zake. Jumapili iliyofuata, bibi Vlasta akampakulia Sylvester supu kwenye bakuli la plastiki la kantini. Zile sahani za maua hazikuonekana tena mezani.

Hapo Sylvester alikuwa akicheka mpaka akohoe. Mama mzima anaogopa sahani! Nasi tulicheka. Qamara hakucheka.

"Mimi namhurumia huyo mama," alisema. "Mzee alikwenda zake. Mama alibaki na ngazi."

Kumbuka maneno hayo yalisemwa na nani, na alimwambia nani.

Sylvester alikuja Gendabi kwa kukosa pa kwenda. Aliporudi kutoka Ulaya alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo Arusha, akawa fundi wa kuheshimika. Kisha nchi ikafungua milango ya biashara, mitumba ikamwagika sokoni, na mashine zikaanza kunyamaza, leo hii, kesho ile. Mwisho geti likafungwa kwa mnyororo. Akajikuta mtu wa makamo, mwenye mke, binti yao Eva yuko sekondari ya bweni, na cheti cha Kicheki ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Huku kwetu Hanang, shamba kubwa la ngano lilikuwa limeachia baadhi ya maeneo, na kijiji kikayagawa. Sylvester akaomba, akapata. Ardhi nyeusi, tambarare, ya kuota hata ukipanda fimbo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alilala kama mwanaume.

Ardhi hiyo ilikuwa na jambo moja. Kabla ya shamba kubwa, ilikuwa malisho ya akina Qamara. Walihamishwa ngano ilipokuja. Na pale penye kimwinuko, karibu na korongo, palikuwa na tuta kubwa la udongo lililoota nyasi. Ni kaburi la baba yake Qamara. Wabarbaig hawamziki hivyo kila mtu. Ni mzee aliyeheshimiwa tu ndiye hujengewa tuta namna hiyo, kwa miezi, ukoo na majirani wakikusanyika, pombe ya asali ikinywewa, na tuta likipandishwa kidogo kidogo mpaka liwe refu kuliko mtu. Baada ya hapo watoto na wajukuu huenda pale kuomba mvua, kuomba uzazi, kuomba amani. Hata madereva wa matrekta ya ngano walikuwa wakilizunguka.

"Huyu ni baba," Qamara alimwambia rafiki yake mwaka wa kwanza, akilishika lile tuta kama mtu anayeshika bega. "Ukilima, mzunguke."

"Nitamzunguka," Sylvester akasema. Na alikuwa anasema kweli wakati ule.

Kisha ukaja ukame, Qamara akahamisha ng'ombe upande wa Singida, mama yake mzee akabaki kwa ndugu huko Gehandu. Akiwa hayupo, yakaanza maneno. Ilisemekana wapimaji watakuja, na kwamba wafugaji wenye makaburi watarudishiwa ardhi inayozunguka makaburi yao. Nani alisema? Hakuna ajuaye. Lakini Sylvester aliyasikia, yakamwingia tumboni kama minyoo. Aliwahi kufungiwa geti mara moja, hakutaka kufungiwa tena.

Msimu ulipofika alikodi trekta la dereva mmoja wa Babati, kijana anayeitwa Hermani. Alilichagua kwa sababu ni la Kicheki, akawa analipapasa na kumweleza Hermani habari za nati zake. Walipofika kwenye tuta, Hermani akasimamisha.

"Mzee, hapa pana kaburi."

"Ni kichuguu."

Hermani akavua kofia yake, akashuka, akaenda kukaa kivulini. Hakubishana, kwa sababu yeye ni mtoto mbele ya Sylvester. Sylvester akapanda mwenyewe, akashika usukani.

Mke wake, Fransiska, alikuwa amewaletea uji. Aliona jembe likifungua tuta, na akaona kilichotoka. Waliokota pamoja, yeye na mumewe, bila kutazamana, wakatia kwenye mfuko wa mbolea, wakaenda nao korongoni. Sylvester alifumba macho wakati wa kumwaga. Fransiska hakufumba. Aliona inaangukia chini ya mgunga, pale mzizi mmoja ulipochomoza nje kama goti.

Yule tuliyemwita Luhava alinyamaza tangu mwezi huo. Ukimwambia, "Hebu tupe ya bibi Vlasta," anasema kichwa kinamuuma. Mama Letisia alidhani ni malaria, akamletea mwarobaini, na Sylvester akaunywa bila hata kukunja uso.

Qamara alirudi mwaka uliofuata, amekonda, nusu ya ng'ombe wamekufa. Kabla hajafika nyumbani alipita kwa baba yake kumsalimu. Alikuta mahindi yamefika kifuani. Alitembea huku na huku kwenye mistari kama mtu aliyepoteza kisu. Halafu akakata nyasi mbichi, akazishika mkononi, akaenda kwa Sylvester. Huku kwetu mtu akikujia na nyasi mkononi, amekuja kwa unyenyekevu, na hutakiwi kumjibu vibaya.

"Ndugu yangu," akasema, "baba yuko wapi?"

Sylvester alikuwa ameliandaa jibu tangu zamani. "Nilikuwa Nambis, kwenye msiba wa upande wa mke wangu. Nikamwachia dereva kazi. Niliporudi nikakuta ameshalima kote."

"Na mifupa?"

"Sijui. Mimi nimekuja baadaye."

Maneno yalimtoka kabla hajayasikia. Alipoyasikia, akashika nguzo ya mlango. Qamara alidhani rafiki yake amepatwa na uchungu kwa ajili yake. Akamshika mkono, akampa pole. Fikiria hilo. Mwenye kufiwa ndiye aliyetoa pole.

Kuanzia hapo Sylvester aliishi kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki. Chakula hakikushuka. Akiwa misani, wengine wakienda kukomunika, yeye anainama kufunga kamba za viatu. Akimwona Qamara kwa mbali anabadilisha njia, na Qamara, kwa wema wake, anamfuata hukohuko amjulie hali.

Mambo kama haya kwa Wabarbaig hayaishi hivihivi. Wazee wao wakaitana. Walipanga kukutana Jumamosi moja wamlaani aliyelivunja kaburi. Laana ya wazee wale siyo maneno ya kutishia watoto. Hata Wakristo wa Gendabi, wanaosema hawaiamini, huwa wanashusha sauti wakiitaja. Mtu wa kulaaniwa alikuwa tayari: Hermani, dereva wa Babati, mwenye mke mchanga na mtoto wa kunyonya.

Alhamisi ya juma hilo Qamara alikuja akamkuta Sylvester na mkewe wanapura maharage.

"Kuna watu wanasema dereva hakuwa peke yake," akasema. "Wanasema na wewe ulikuwepo. Nimekasirika sana. Jumamosi nitasimama mbele ya wazee, niape kwa watoto wangu kwamba Luhava alikuwa Nambis. Laana itaizunguka nyumba yako, haitaingia. Nimekuja kukuambia usiwe na wasiwasi."

Sylvester alifungua mdomo. Fransiska akasimama na mti wake wa kupuria mkononi, akangoja. Alimngoja kwa moyo wake wote. Mumewe akasema, "Asante, ndugu yangu," kisha akaendelea kupiga maharage yaliyokwisha kupurwa.

Qamara alipoondoka, Fransiska alisema, "Baba Eva, mtu yule anaweka watoto wake shingoni mwako."

"Nikisema tutakula nini? Ada ya Eva itatoka wapi?"

"Sijui tutakula nini. Najua tunachokula sasa."

Fransiska alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, mwanachama wa jumuiya ya kanisani, hajawahi kumwaibisha mumewe mbele ya watu. Kumwendea padri angeweza, lakini padri angeitunza siri. Kumwendea Qamara mwenyewe aliona ni kumpokonya mumewe nafasi ya mwisho ya kuwa mtu. Ijumaa asubuhi akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa rika lake aliyelifanya tangu Ukristo ukolee.

Zamani, kwa Wairaqw, nyumba iliyoguswa na kifo ilijitenga. Waliita metimani. Watu wa nyumba hiyo walikuwa na moto wao, maji yao na njia yao. Hawakula na wengine wala kuingia kwao, ili unajisi wa kifo usisambae. Bibi yake Fransiska kule Nambis alimsimulia akiwa mtoto. Basi Fransiska alikata tawi la miba, akalilaza kwenye njia ya kuingilia kwake. Mama Letisia alipofika na kigae kuomba kaa la moto, alimzuia palepale.

"Usichukue moto hapa. Nyumba hii ina msiba."

"Yesu wangu. Nani, mama Eva? Siyo Eva?"

"Eva mzima."

"Nani basi?"

"Muulizeni baba yake."

Kwa mama Letisia kutangaza hakuhitaji redio. Jua halijapanda sawasawa, watu wamejaa nyuma ya tawi lile, kanga zimefungwa kiunoni, wanawake wameanza kulia kidogo kidogo kwa akiba, kwani hawajui wanamlilia nani. Fransiska alikaa kwenye kigoda, mgongo ukiwa kwenye ukuta. Alikuwa anamwonea huruma mumewe kiasi cha kutaka kuinuka aliondoe lile tawi, aseme amechanganyikiwa, wacheke yaishe. Hakuinuka.

Ndani, Sylvester alisikia sauti zinaongezeka. Alijua tangu kilio cha kwanza mkewe amefanya nini. Alimkasirikia. Halafu akaona hasira yenyewe haina pa kukaa. Akavaa viatu, akatoka.

Qamara ndiye alikuwa mbele ya wote. Aliwaacha ng'ombe porini akaja mbio, kifua kinapanda na kushuka, fimbo mkononi. Mila ya Wairaqw aliijua vizuri, hakuvuka tawi.

"Ndugu yangu," akasema, "nimesikia una msiba. Nani amekufa?"

"Baba yako," Sylvester akasema.

Yeye akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma tangazo. Alisema hakuwa Nambis. Alisema Hermani alikataa, akashuka, akakaa kivulini. Kwamba mwenye kushika usukani ni yeye, kwa mikono hii. Kwamba aliogopa kunyang'anywa shamba. Kwamba mifupa ilikuwepo, waliiokota yeye na mkewe wakaimwaga korongoni kutoka kwenye mfuko wa mbolea. Maneno yake yaliishia kwenye mfuko wa mbolea. Akasimama hapo, mikono inaning'inia.

Wengi walidhani Qamara atamvunja kichwa. Fimbo alikuwa nayo. Alimtazama, akaonekana mzee ghafla.

"Jana ulisema asante," akasema.

"Nilisema."

"Ningeapa kwa watoto wangu."

"Najua, Qamara. Najua."

"Nitakuja na mama. Utatuonyesha ulipommwaga." Akageuka akaenda kuwatafuta ng'ombe wake.

Jumamosi wazee walikutana, na hawakumlaani mtu. Aliyesema kwa kinywa chake mwenyewe halaaniwi, walisema. Waliamua Sylvester atoe mtamba mmoja wa ng'ombe kwa ukoo, ardhi ya kimwinuko irudi kwa akina Qamara, na yeye abaki na sehemu ya bondeni. Ni hukumu ambayo hata hakimu wa Katesh angeiheshimu. Halafu wakasema jambo la tatu. Mifupa itafutwe. Kama mvua imeshaichukua, basi uchukuliwe udongo wa mahali ilipolala, kwa kuwa udongo ule umemshika mzee, nao ukazikwe kwenye kimwinuko, tuta lijengwe upya. Sylvester ashiriki kulijenga. Qamara alisikika akisema ni vyema, kwa maana rafiki aliyepotea njia ni afadhali kuliko jirani asiye na jina.

Sylvester alilia mbele ya wanaume. Ilikuwa kama mtu aliyetapika sumu. Siku ile alikula ugali wote aliopewa, akaomba na mwingine, na Fransiska akamtazama akila na kumshukuru Mungu.

Jumatatu wakashuka korongoni. Sylvester alikuwa mbele. Nyuma yake Qamara alimshika mkono mama yake, ajuza aliyepoteza nuru ya macho, amevaa ngozi yake ya zamani iliyopakwa mafuta kana kwamba anakwenda harusini. Alikuwa amesubiri siku hii tangu mwanawe aliporudi kutoka Singida na kumwambia mume wake hayupo. Kibuyu cha pombe ya asali alikibeba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Fransiska alikuwa wa mwisho.

"Shikamoo, mama," alikuwa amemwambia walipokutana juu, kabla ya kushuka.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyeweka miba?"

"Ni mimi."

"Ulifanya vizuri," ajuza akasema, na Fransiska akaona aibu kwa sifa ile.

Korongo lilikuwa limebadilika. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, kila mwenye shilingi alikuwa anajenga, na malori yalikuwa yanakuja mpaka huku kufuata mchanga. Fransiska hakuwa amelikanyaga korongo lile tangu siku ya mfuko. Aliutafuta ule mgunga kwa macho, akauona. Ulikuwa umeinama, mizizi ya upande mmoja imekatwa kwa panga. Chini yake palikuwa na shimo la upana wa nyumba, limechimbwa mpaka kwenye mwamba. Alama za magurudumu zilitoka shimoni zikapanda kuelekea barabarani. Mchanga wote ulikuwa umekwenda. Uko kwenye kuta za watu mjini, umeshapigwa lipu na kupakwa rangi.

Sylvester alisimama ukingoni mwa shimo. Kumbe naye alipajua, ingawa alikuwa amefumba macho.

"Ni hapa?" Qamara akauliza.

Sylvester alilitazama shimo. Akamtazama ajuza, aliyekuwa amesimama na kibuyu chake, uso ameuelekeza kwenye sauti zao, akingoja kuambiwa.

"Hapana," akasema. "Ni mbele."

Akatangulia mpaka kwenye kona, mahali ambapo mchanga ulikuwa bado safi na majani mabichi yameota. Akapiga magoti, akaweka kiganja chini.

"Ni hapa."

Ajuza alisaidiwa kukaa. Aliupapasa mchanga kwa mikono yote miwili, taratibu, kama unavyompapasa mtoto aliyelala. Alizungumza kwa lugha yake, maneno mengi, kwa mengine alicheka kidogo. Alimimina pombe ya asali, mchanga ukainywa. Kisha akachota udongo, akaunusa, akaukumbatia kifuani, machozi yakamtiririka.

"Mama anasema umemrudishia mume wake," Qamara akamwambia Sylvester. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Anasema usijifiche tena. Njoo nyumbani unywe maziwa."

Sylvester hakuinua kichwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Qamara, akidhani ni toba, akamwekea mkono mgongoni. Halafu, labda kwa kutaka tu kumshirikisha pia mwanamke aliyeanzisha ukweli huu, akageuka nyuma.

"Mama Eva, na wewe ulikuwepo. Ni hapa?"

Fransiska alikuwa ameapa moyoni mwake kwamba nyumba yake haitasema uongo tena. Shimo lilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, angeweza kulinyoshea kidole. Alimtazama mama yule, udongo umemganda kwenye ngozi ya kifua, midomo bado inazungumza na mtu asiyekuwepo.

"Ni hapa," akasema.

Kisha akainama, akamshika ajuza kwapani, akamsaidia kusimama.